Kitufe Namba Moja

Jumatatu, 6 Oktoba

Daftari hili nimepewa na Vibeke. Yeye ni mtaalamu wa mazoezi ya tiba, mwanamke mwenye vidole vya seremala. Nilipomwambia bega la kulia linanisumbua kidogo tu, alinitazama kwa muda, kisha akafungua droo. Kila siku niandike namba, kuanzia sifuri hadi kumi, na neno moja mawili kuhusu siku ilivyokwenda. Sifuri maana yake hakuna kitu. Kumi ni kuzaa, alisema, na mimi nimezaa mara moja, kwa hiyo kipimo nakijua.

Leo ni 3.

Hapana, leo ni 5. Sijui kwa nini nalidanganya hata daftari.

Jumanne, 7 Oktoba

4. Mvua.

Alhamisi, 9 Oktoba

6. Saa nane mchana vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia vilikufa ganzi tena. Nilikuwa kazini, nikichora mabomba ya eneo la bandari, kipanya cha kompyuta kiko mkononi na mimi sikihisi. Nikautazama mkono kama wa mtu mwingine. Ganzi ilidumu kama robo saa, na niliendelea kufanya kazi.

Kazi yangu ni ramani za maji ya mji wetu huu wa ukingoni mwa mlangobahari wa Limfjord. Kila bomba lililo chini ya barabara, na kila valvu ya kufungia maji, mimi ndiye ninayeiweka mahali pake kwenye skrini. Bila mkono huu sina kazi nyingine ninayoijua.

Acha niandike wazi, maana hapa hasomi mtu. Naogopa mkono wa Baba. Baba yangu, Aksel, alikata nyama kwenye machinjio ya nguruwe miaka ishirini na miwili. Alipofika miaka arobaini na sita mkono wake wa kulia ulikataa kupanda juu ya kifua, na haujapanda tena mpaka leo. Mama yake alikuwa mkamuaji wa ng'ombe, naye yalimpata hayo hayo. Nyumbani tuliuita mkono wa ukoo. Mimi nitatimiza arobaini na sita mwezi Machi.

Vibeke anataka picha yangu nikiwa kazini, iliyopigwa kutoka ubavuni. Aliuliza pia meza yangu ina urefu gani. Nikamwambia meza haina shida, imeshapangwa. Aliuliza imepangwa na nani. Nikasema na ofisi.

Jumatatu, 20 Oktoba

5. Nimerudi kutoka likizo ya wiki ya vuli. Nilipumzika siku tisa na maumivu yakashuka hadi 2. Leo hadi saa sita mchana yalikuwa yameshapanda.

Picha bado. Ningemwomba nani? Flemming anakaa mkabala nami, na yeye akishika simu kupiga picha ofisi nzima itataka kujua kuna nini. Watauliza Solvej anaumwa wapi, nani amemwambia, tangu lini. Bora nisiwasumbue watu.

Saa kumi kasorobo tuliinua meza zetu za umeme kama kawaida. Kila jioni kila mtu anabonyeza mshale wa juu mpaka meza ifike mwisho, ili anayesafisha apitishe ufagio na dekio bila kuinama. Tunaondoka tukiacha meza zote zimesimama, na asubuhi kila mtu anashusha yake. Mimi nabonyeza kitufe namba moja. Meza inanguruma taratibu, inashuka, inasimama yenyewe, nami nakaa. Nimefanya hivyo kwa miaka sita bila kufikiri.

Meza hii niliirithi kwa Gerda, aliyechora ramani hapa miaka thelathini na mmoja. Nilirithi pia kiti chake, ua lake la chunguni na kopo lake la kalamu. Ua ndilo pekee lililokufa.

Jumatatu, 27 Oktoba

5. Saa zimerudishwa nyuma kwa ajili ya majira ya baridi. Tunatoka kazini jua limeshainama. Nilijaribu kushika kipanya kwa mkono wa kushoto, nikachora barabara iliyopinda kama ulimi wa mbwa.

Jumatatu, 3 Novemba

0, kwa maneno niliyomwambia Flemming. Kweli ilikuwa 6.

Flemming ndiye tuliyemchagua awe mwakilishi wetu wa usalama kazini. Kila Novemba anapita na fomu yake, amevaa ndala na soksi, na kalamu iko sikioni. Alifika kwangu akaniuliza kama meza inapanda na kushuka. Nikabonyeza, ikapanda. Nikabonyeza, ikashuka. Akaweka alama kwenye fomu.

"Kuna tatizo lolote?"

"Hakuna."

"Wangekuwa wote kama wewe, Solvej, mimi ningelala tu hapa."

Nikafurahi kusifiwa. Hilo ndilo linalonitia aibu sasa hivi ninapoandika. Ni mwaka wa sita natia saini kwamba sina tatizo, na fomu zote sita ziko kwenye faili moja kabatini. Nikisema leo kwamba naumwa, nitakuwa nakiri kwamba nimedanganya mara sita.

Hata hivyo alinipa kipanya kipya kilichosimama wima, kama alivyowapa wote, na mto mdogo wa kulalia kiwiko. Alitaka pia kuniletea mpira mkubwa wa kukalia. Nikamwambia mpira ampe mkurugenzi.

Ijumaa, 7 Novemba

6. Kipanya kipya hakijasaidia. Upepo.

Jumatano, 12 Novemba

Leo siandiki namba kwanza.

Asubuhi, kama saa mbili, bomba lilipasuka mtaa wa bandari. Mafundi walikwenda na ramani yangu, wakachimba lami pale palipo na alama ya valvu. Hapakuwa na kitu. Wakapanua shimo, bado hapakuwa na kitu. Walipiga simu ofisini, Flemming akapokea, nikamsikia akisema, "Lakini iko kwenye ramani, bwana, naiona hapa." Walihangaika dakika arobaini. Muda wote huo maji yalikuwa yakiingia kwenye chumba cha chini cha duka la mikate, wanakoweka unga. Mwishowe fundi mmoja mzee, aliyewahi kuiona kwa macho yake, aliikuta valvu mita nne na nusu kutoka pale nilipoiweka.

Ramani zetu zinahifadhi kila badiliko, nani alifanya na saa ngapi. Nikasubiri Flemming aende kuchukua kahawa, ndipo nikafungua. Valvu ile ilisogezwa tarehe 9 Oktoba, saa nane na dakika kumi na mbili mchana. Aliyeisogeza ni mimi.

Nilitoa daftari hili kwenye mkoba nikasoma ukurasa wa siku ile, ingawa sikuhitaji kusoma. Nilikuwa nimekikamata kipanya kwa vidole visivyohisi. Nilibonyeza bila kujua, nikaiburuta valvu bila kujua, nikahifadhi, nikaenda nyumbani kupika viazi.

Mkate na unga vitalipwa na bima, hilo si kubwa. Kinachonitisha ni valvu nyingine. Ganzi hii ilianza kiangazi. Ni mara ngapi mkono umelala, na ni vitu gani umevisogeza wakati mimi nikiamini nafanya kazi? Chini ya mji huu kuna valvu zaidi ya elfu mbili. Watu wanalala juu ya ramani yangu, hospitali iko juu ya ramani yangu, na mimi sijui tena ipi ni kweli.

Sikumwambia mtu. Nilikaa pale hadi saa kumi kasorobo, nikainua meza.

8.

Alhamisi, 13 Novemba

Nilimwambia mkuu wetu wa idara, Lisbet. Sikuweza kubaki nalo zaidi ya siku moja. Nilimwambia kosa ni langu, kwamba nilichoka siku hiyo. Kuhusu mkono sikusema. Lisbet hakufoka. Alinimiminia maji kwenye glasi, akasema ahsante kwa kuwa mkweli, akasema tutalizungumza. Afadhali angefoka. Watu wa hapa wakikukasirikia unajua ulipo, lakini wakianza kukumiminia maji, jiandae.

7.

Jumatano, 19 Novemba

Barua imekuja. Mazungumzo rasmi, Alhamisi tarehe 8 Januari, saa nne asubuhi. Mwishoni imeandikwa kwamba ninaruhusiwa kuja na mtu wa kukaa nami. Kila mfanyakazi wa nchi hii anajua maana ya sentensi hiyo. Kwenye habari njema huambiwi uje na mtu.

7.

Jumatatu, 24 Novemba

7. Valvu mia sita nimeshazikagua moja moja dhidi ya michoro ya zamani. Nimekuta mbili zilizosogea. Nyumbani nimefunga vifungo kwa mkono wa kushoto.

Ijumaa, 28 Novemba

8. Valvu elfu moja mia moja. Nimekuta nyingine. Vibeke amepiga simu kuuliza picha. Nikamwambia ofisini tuna kazi nyingi.

"Solvej," alisema, "mimi siwezi kutibu bega ambalo kesho yake linarudishwa kule kule. Nionyeshe linakokwenda."

Niliahidi.

Ijumaa, 5 Desemba

Leo ilikuwa karamu yetu ya mchana ya Krismasi. Nilitaka kuikwepa lakini kutokwenda kungezua maswali. Samaki wa siki walikuwepo, nyama ya nguruwe yenye ngozi kavu, kabichi nyekundu, na glasi ndogo za pombe kali ambazo Flemming anazijaza kabla hujamaliza. Wastaafu hualikwa, na mwaka huu Gerda alikuja.

Sikuwahi kukutana naye ana kwa ana. Nilianza kazi wiki mbili baada yake kuondoka. Nilimjua kwa mwandiko wake kwenye michoro ya zamani, mwandiko mdogo wa kubanana, na kichwani nilikuwa nimemfanya mwanamke mdogo. Aliyeingia ana umri wa miaka sabini na alilazimika kuinamisha kichwa chini ya nyota za karatasi tulizotundika mlangoni. Nilipompa mkono nilimfikia kifuani.

Kabla ya kahawa akasema anataka kuiona meza yake. Tukaenda naye, watu wanne watano na glasi zetu. Meza zilikuwa zimeshainuliwa kwa ajili ya usafi. Gerda akanyoosha kidole bila kutazama, kama mtu anayewasha taa nyumbani kwake, akabonyeza namba moja. Meza ikashuka ikasimama. Akavuta kiti, akakaa, akalaza mikono juu ya meza. Viwiko vyake vilikaa sawasawa kabisa na ubao.

"Bado ipo," alisema, na machozi yakamlengalenga. "Mmeniwekea urefu wangu."

Flemming akapiga picha. Kisha akasema na mrithi naye akae, wapate picha ya wote wawili. Nikakaa kama ninavyokaa kila siku. Akapiga.

Watu walicheka, cheko la upendo tu, kwa sababu ya tofauti ya vimo. Gerda hakucheka. Alikuwa anatazama chini ya meza, kwenye miguu yangu, ambayo ilikuwa imekanyaga chuma cha kiti kwa sababu sakafu haifikiki.

"Hukai hivyo siku nzima, sivyo?" aliniuliza.

"Nakaa hivi."

"Tangu lini?"

"Tangu uondoke."

"Lakini binti, hiyo ni meza yangu. Nilipimwa mimi, na huyo huyo Flemming alikuwepo."

Nikamwambia ukweli, mbele ya wote, kwamba nilidhani namba moja ni namba ya kila mtu. Nilidhani yupo mtu aliyepima akaona huo ndio urefu unaofaa, na kama mimi nilikuwa naumia, basi ubaya ulikuwa mwilini mwangu. Flemming aliweka glasi yake juu ya dirisha. Uso ulikuwa umemwiva hadi masikioni.

Sikumbuki namba ya leo.

Jumapili, 7 Desemba

Picha mbili ziko hapa juu ya meza ya jikoni. Flemming alinitumia jana bila neno lolote, nikazichapa. Kwenye ya kwanza Gerda amekaa kama aliyechongwa pamoja na meza. Kwenye ya pili kuna mwanamke aliyepandisha mabega karibu na masikio, kama amesimamishwa kwenye maji baridi. Kiwiko chake cha kulia kinaning'inia hewani na mkono umekunjwa juu ya ukingo wa ubao. Nilikaa nikimtazama kwa muda mrefu na kumwonea huruma, kabla ya kukubali kwamba ni mimi.

Vibeke nimemtumia zote mbili. Alijibu baada ya dakika tatu kwamba nipime kutoka sakafuni hadi kiwiko, nikiwa nimekaa na nyayo ziko chini. Ni sentimita sitini na tano. Meza ya Gerda ni sabini na sita.

Sentimita kumi na moja, kwa miaka sita.

Jumatatu, 8 Desemba

Nilifika kabla ya wengine. Nilishusha kiti hadi nyayo zikakaa sakafuni, kisha nikaishusha meza hadi sitini na tano. Ilionekana chini mno, kama meza ya shule ya watoto, na niliona aibu hata nikiwa peke yangu. Nikalaza mikono. Mabega yalishuka yenyewe na nikaogopa, sikujua yana pa kushukia. Nilishikilia kitufe namba mbili mpaka kikahifadhi urefu huo. Namba moja ya Gerda sikuigusa.

Skrini nayo nimeishusha, ukingo wake wa juu uko usawa wa macho, na kipanya nimekileta karibu na mwili.

Saa nane vidole vikafa ganzi kama kawaida. Nililia chooni. Nilikuwa nimetumaini, bila kujiambia, kwamba vingepona siku hiyo hiyo.

7.

Alhamisi, 11 Desemba

6. Vibeke hakunificha. Mshipa wa fahamu umebanwa muda mrefu. Unaweza kurudi wote, unaweza kurudi nusu, na tutajua kufikia kiangazi. Nikamuuliza kuhusu mkono wa ukoo. Akaniuliza baba yangu alikuwa anasimama wapi kazini. Sikujua. Sijawahi kumuuliza.

Jumapili, 14 Desemba

Nilikwenda kwa Baba. Ana miaka sabini na minane, anakaa kwenye kiti chake cha dirishani na kahawa mkono wa kushoto. Nilimwonyesha picha mbili. Alizitazama muda mrefu, akazisogeza mbali, akazisogeza karibu.

Nikamuuliza, kule machinjioni alisimama wapi.

Aliweka kahawa yake dirishani. Kisha akasema ndoano za nyama zilikuwa zinapita juu, kwa kimo kilichofaa wanaume warefu wa zamu ya kwanza. Yeye ni mfupi, kama mimi. Kila bega la nguruwe alilikata mikono ikiwa juu ya uso wake, siku nzima, miaka ishirini na miwili.

"Nilihitaji kreti tu," alisema. "Kreti ya bia, niigeuze nisimame juu yake. Zilikuwa zimejaa nje ya kantini."

"Mbona hukuomba?"

"Ningeonekanaje, Solvej? Mwanaume mzima juu ya kreti."

"Kwa hiyo si ukoo."

"Ukoo gani. Bibi yako alikamulia kwenye kigoda kilichochongwa kwa kimo cha babu yako."

Nilitaka kumkasirikia. Miaka thelathini nimeubeba mkono wake kama ugonjwa unaonijia, na yeye alikuwa anajua. Lakini alikuwa anaifuta picha yangu kwa kidole gumba, pale penye bega, na hasira ikanikatika. Nilimwambia kuhusu valvu, unga, barua na tarehe 8. Nilimwambia sentensi ya mwisho ya barua inasemaje.

"Una mtu wa kwenda naye?"

"Nitakwenda peke yangu, sitaki kusumbua watu."

"Nitakuja mimi," alisema Baba.

5.

Jumapili, 21 Desemba

5. Siku fupi kuliko zote. Valvu zote nimezikagua. Zilizosogea ni nne kwa jumla, na zote nimezirudisha. Sasa nasubiri tarehe 8 tu.

Alhamisi, 8 Januari

Baba alivaa tai. Alifungiwa na jirani, maana kwa mkono mmoja hawezi. Theluji ilikuwa imeganda na tulitembea kutoka kituo cha basi tumeshikana, sijui nani alikuwa anamshika nani.

Lisbet alikuwepo, na Flemming upande wake na faili. Niliweka mezani picha mbili, daftari hili, na orodha ya valvu nne. Nikasema kila kitu, na mkono nikausema.

Lisbet alisoma ukurasa wa 9 Oktoba mara mbili. Kisha akatoa fomu zangu sita, akazipanga mbele yangu. Hakuwa mkali, alitaka kuelewa tu. Aliniuliza kwa nini niliandika mara sita kwamba hakuna tatizo.

"Alijifunza kwangu," alisema Baba.

Flemming ndiye aliyefuata, akisema huku anatazama meza kwamba miaka yote hiyo ameuliza kama meza inapanda na kushuka, na hajawahi hata mara moja kuuliza inasimama wapi. Aliona kumpima mtu mzima ni kumwambia hajui kukaa.

Sijafukuzwa. Kosa limeandikwa, na limeandikwa pamoja na sababu yake. Hadi majira ya kuchipua nitafanya nusu siku kwenye kipanya, na nusu nitatoka na mafundi kuhakiki valvu kwa macho. Baada ya kiangazi tutaona mkono unasemaje. Bado naogopa, ila leo naenda kulala na hofu ninayoijua jina.

Tulipotoka Baba aliomba aione meza. Ilikuwa juu, sikuwa nimeishusha asubuhi. Nikabonyeza namba mbili. Ikanguruma, ikashuka, ikapita urefu wa Gerda, ikaendelea kushuka, ikasimama kwenye kiwiko changu. Baba aliutazama ubao, kisha akakitazama kitufe.

"Ni hicho tu?" aliuliza.

"Ni hiki tu, Baba."

Akanyoosha mkono wake wa kushoto, akaiendesha meza mwenyewe, juu, kisha chini, kisha juu tena. Halafu alinigeuzia mgongo akasimama dirishani, akawa anatazama maji ya Limfjord, na sikumharakisha.

4. Ni 4 kweli.